Sekunde 3 zinazokosekana kati ya lori na lori

Kwenye daraja la Rusumo, linalounganisha Tanzania na Rwanda juu ya Mto Kagera, kila dereva hulazimika kubadili upande wa barabara. Anayetoka Ngara hufika akiwa ameshika kushoto. Akishamaliza karatasi zake kwenye kituo cha pamoja cha mpakani na kuingia wilaya ya Kirehe, anashika kulia. Mabango yapo, askari wapo, na ni nadra kwa dereva wa masafa marefu kusahau. Lakini kuna kanuni moja ambayo haibadiliki pale mpakani, na hakuna bango linaloitaja: nafasi anayopaswa kuiacha kati ya gari lake na gari lililo mbele yake.

Nafasi hiyo ndiyo huamua kama breki ya ghafla ya gari la mbele itaishia kwenye mshtuko tu au kwenye ajali. Haihitaji mtambo wala fedha za wafadhili. Hata hivyo, katika shoroba kuu mbili zinazozilisha nchi zisizo na bandari, ni miongoni mwa kanuni zinazovunjwa waziwazi kila siku, na mara chache mtu akaulizwa.

Ushoroba wa Kaskazini huanzia Mombasa, ukapita Nairobi, Nakuru, Eldoret, Malaba na Kampala hadi Kigali, safari ya kilomita 1,700 hivi. Ushoroba wa Kati huanzia Dar es Salaam, ukapita Morogoro, Dodoma, Singida na Kahama kabla ya kugawanyika: tawi moja huenda Rusumo kwa ajili ya Rwanda, jingine Kabanga kwa ajili ya Burundi. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali ni kama kilomita 1,500. Sehemu kubwa ya njia hizi ni lami nyembamba, upande mmja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Humo humo hupita semitrela za makontena, matangi ya mafuta, mabasi, matatu, Noah, bodaboda, trekta na baiskeli zilizobeba ndizi.

Serikali za ukanda huu zimefanya kazi kubwa ya kupima mambo yanayoua barabarani. Uzito unapimwa: Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2013 iliweka kikomo kimoja cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na mizani zipo tangu Mariakani hadi Vigwaza. Mwendo unapimwa pia. Kenya ilianza kuwabana wenye matatu na mabasi kwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa mwaka 2004, kwa kanuni ambazo wananchi waliziita za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Rwanda iliweka kikomo cha kilomita 60 kwa magari ya abiria, na kamera zake zimesambaa barabarani. Tanzania, kupitia LATRA, hufuatilia mwendo wa mabasi ya masafa marefu kwa mfumo wa VTS.

Nafasi kati ya gari na gari imebaki bila mizani na bila kamera. Imeachwa kwa dereva mwenyewe.

Hesabu ya mita

Mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni sawa na mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akiona taa nyekundu zimewaka mbele yake, hafungi breki papo hapo. Jicho huona, akili huamua, ndipo mguu uhame kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Kwa mtu aliye macho, asiyeshika simu, shughuli hiyo huchukua sekunde 1 hadi 1.5. Ikiwa ni sekunde 1.5, gari limeshakwenda mita 33 kabla breki haijaanza kazi.

Hapo ndipo breki inaposhika. Kwenye lami kavu, tairi zikiwa na kashata za kutosha, gari dogo huhitaji takriban mita 35 nyingine hadi lisimame. Jumla ni karibu mita 70. Kwa kilomita 50 kwa saa, jumla hiyo ni kama mita 35. Kwa kilomita 100 kwa saa, inakaribia mita 97. Mwendo umeongezeka mara 2 tu, lakini umbali wa kusimama umekaribia mara 3, kwa sababu sehemu ya breki peke yake huongezeka mara 4.

Watu wachache wanaweza kukadiria mita 67 kwa macho huku gari likikimbia. Ndiyo maana wakufunzi wa udereva katika nchi nyingi huacha mita na kufundisha sekunde. Dereva huchagua alama isiyosogea iliyo mbele: nguzo ya kilomita, kivuli cha mti, kiraka cha lami, ukingo wa daraja. Gari la mbele likipita alama hiyo, anaanza kuhesabu taratibu: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Kila tamko huchukua kama sekunde 1. Akifika kwenye alama kabla ya kumaliza hesabu, yuko karibu mno. Aondoe mguu kwenye mafuta, kisha ahesabu tena kwenye alama inayofuata.

Uzuri wa hesabu hii ni kwamba hujirekebisha yenyewe. Sekunde 3 kwa kilomita 50 kwa saa ni mita 42. Kwa kilomita 80 ni mita 67, na kwa kilomita 100 ni mita 83. Dereva hana haja ya kukumbuka namba hizo. Anahitaji kujua kuhesabu hadi 3, na anaweza kuhesabu kwa Kiswahili, Kiganda, Kinyarwanda au Kirundi.

Lori si Noah

Kwa gari dogo linalofuata gari dogo, kwenye lami kavu na mchana, sekunde 2 ndicho kiwango cha chini kinachofundishwa sehemu nyingi. Wazo lake ni kwamba magari yote mawili yatafunga breki kwa nguvu zinazolingana, kwa hiyo wa nyuma anahitaji tu kufidia muda wa kushtuka kwake. Katika ushoroba, wazo hilo mara nyingi si kweli.

Lori kubwa hutumia breki za upepo. Dereva akikanyaga, hewa husafiri kwenye mabomba hadi kwenye magurudumu ya trela, na nusu sekunde inaweza kupita kabla ya nguvu yote kufika. Kwa kilomita 80 kwa saa, nusu sekunde ni mita 11. Kisha kuna mzigo. Lori lililojaa, hata likiwa na breki nzuri, huhitaji kama mita 50 za breki pale ambapo gari dogo lingetumia mita 35. Jumlisha mita 33 za kushtuka, mita 11 za hewa na mita 50 za breki, na lori linasimama baada ya mita 94 hivi. Huo ni karibu urefu wa uwanja wa mpira.

Sasa chukua Noah iliyo mbele ya lori hilo, ikifunga breki ghafla kwa sababu mtoto ameingia barabarani. Noah inasimama mita 35 kutoka pale taa zake zilipowaka. Lori linahitaji mita 94. Tofauti ni mita 59. Sekunde 2 kwa mwendo huo ni mita 44 tu, maana yake lori litaikuta Noah kabla halijasimama. Sekunde 3 ni mita 67, na zinabakisha mita chache za usalama. Ndiyo maana kwa malori na mabasi husemwa sekunde 3 au 4, na mvua ikinyesha huongezwa mara mbili.

Hesabu hiyo imechukulia kwamba breki ni nzima. Haijaingiza tairi zilizokwisha, breki zilizopata moto mteremkoni, wala dereva aliyelala saa 3 tu kwenye kiti chake nje ya mizani.

Misafara ya mwendo mmoja

Kidhibiti mwendo kimeokoa maisha, lakini kimeleta tatizo lisilozungumzwa sana. Magari yote mazito yakifungiwa mwendo mmoja, hujikusanya. Lori la tani 50 haliwezi kulipita lori jingine la tani 50 kwa haraka, kwa hiyo linalifuata. La tatu linalifuata la pili. Baada ya kilomita 30 kuna msafara wa malori 6 au 7, kila moja likiwa na urefu wa mita 17 hivi, yamefuatana kama mabehewa.

Dereva wa gari dogo anayetaka kupita hana pa kuingia. Akitoka kulia kwake nchini Kenya, Uganda au Tanzania, itabidi apite malori yote kwa mkupuo mmoja, au ajipenyeze kwa nguvu kati ya mawili basi linapotokea mbele. Ajali nyingi za uso kwa uso ambazo polisi huziandika kuwa ni za kuovateki vibaya huwa na sababu ya pili iliyojificha: msafara ulioziba nafasi zote.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani uliliona hilo. Kifungu chake cha 13 kinamtaka dereva yeyote aache umbali wa kutosha asije akaligonga gari la mbele likipunguza mwendo au kusimama ghafla. Kisha kinaongeza sharti kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 au urefu unaozidi mita 10: nje ya miji yaache nafasi ambayo gari linaloyapita linaweza kuingia bila hatari. Kwa maneno mengine, nafasi iliyo mbele ya lori ni kinga ya lori lenyewe, na pia ni mahali pa kupumulia kwa anayelipita.

Misafara ya aina nyingine ni ya magari ya IT, yale yaliyotumika ambayo hushushwa bandari ya Dar es Salaam na kuendeshwa kwenda Zambia, Kongo, Uganda na kwingineko. Madereva wa IT hupenda kwenda kwa kundi kwa sababu za usalama na kusaidiana njiani. Wengi hulipwa kwa safari, na asiyetaka kuachwa na wenzake humfuata wa mbele kwa karibu. Wa kwanza akifunga breki kwa ajili ya tuta lisilo na alama, wa tano ndiye huumia.

Usukani wa upande wa pili

Kati ya nchi 8 za Jumuiya, Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Sudan Kusini na Somalia huendesha kulia. Malori hayabadilishi usukani yakifika mpakani, na hapo nafasi huwa na kazi nyingine.

Nchini Tanzania, dereva wa lori lenye usukani wa kulia huketi upande wa katikati ya barabara. Akisogea kidogo tu, anaona kinachokuja mbele ya gari analolifuata. Akivuka Rusumo au Kabanga, dereva yule yule, kwenye kiti kile kile, anajikuta upande wa mtaro. Gari la mbele limekuwa ukuta. Ili aone kama njia iko wazi, inabidi atoe karibu kichwa kizima cha lori kwenye njia ya wanaokuja, au amtegemee utingo aliyeketi kushoto amwambie.

Dawa yake ni kubaki nyuma. Kadiri anavyoacha nafasi kubwa, ndivyo pembe ya kuona inavyofunguka, na ndivyo anavyoweza kuona kona, tuta au basi bila kuchomoza. Ndivyo ilivyo pia kwa lori lenye usukani wa kushoto linalotoka Kigali na kushuka Singida. Kwa hiyo dereva anayevuka mpaka hapaswi tu kukumbuka kubadili upande. Anapaswa pia kuongeza sekunde 1 au 2 kwenye hesabu yake ya kawaida.

Na yupo dereva wa gari dogo aliye nyuma. Kanuni ya zamani ya madereva wa masafa bado inafaa: kama huvioni vioo vya pembeni vya lori, basi mwenye lori hakuoni.

Milima, foleni na giza

Kuna sehemu za shoroba ambako sekunde 3 hazitoshi. Mteremko wa Salgaa, kati ya Nakuru na Eldoret, ulijipatia sifa mbaya kwa miaka mingi, na mamlaka za Kenya zililalamika mara kwa mara kuhusu madereva wanaoweka gia huru ili kuokoa mafuta, wakibaki na breki peke yake kulizuia lori. Breki ikipata moto hupoteza nguvu. Mteremko wa Sekenke mkoani Singida nao unadai gia nzito na nafasi ndefu. Lori lililo mbele likiwa limewasha taa za tahadhari na kushuka polepole, linafanya kazi yake sawasawa. Anayelibana nyuma akilipigia honi anajiweka mahali ambapo hana pa kutokea.

Matangi na malori ya kemikali yanadai nafasi zaidi, mbele na nyuma. Usiku wa Desemba 10, 2016, lori lililobeba kemikali inayowaka likielekea Uganda lilipoteza mwelekeo eneo la Karai, karibu na Naivasha, likagonga magari mengine na kulipuka. Watu wapatao 40 walikufa na magari zaidi ya 10 yaliteketea. Nafasi kati ya magari isingemzuia dereva yule kupoteza mwelekeo, lakini moto hauruki mita 70 kwa urahisi kama unavyoruka mita 5.

Mwisho wa foleni ni sehemu nyingine ya hatari. Malaba, Busia na miji mingine ya mpakani huwa na malori yaliyosimama kando au katikati ya njia. Mwaka 2020, vipimo vya korona vilipochelewesha uvukaji, foleni ya Malaba ilifikia makumi ya kilomita. Anayefika kwa kilomita 80 kwa saa akiwa amebanana na lori la mbele, haioni foleni. Anaiona pale lori hilo linapokwepa au kusimama. Anayefika katika foleni anapaswa kuanza kupunguza mapema, kuwasha taa za tahadhari ili aliye nyuma ajue, na kusimama mahali anapoona tairi za nyuma za gari la mbele zikigusa lami. Nafasi hiyo humwezesha kutoka pembeni ikiwa anaona kwenye kioo kwamba anayekuja nyuma hasimami.

Usiku huongeza yote. Agosti 2022, ajali iliyohusisha lori, Hiace, gari dogo na trekta iliua watu wapatao 20 wilayani Kahama, mkoa wa Shinyanga. Trekta, mkokoteni na lori lililoharibika havina breki ya kuwasha taa nyekundu. Vipo tu gizani. Matawi ya miti yaliyotandazwa kwenye lami ndiyo onyo linalojulikana na kila dereva tangu Voi hadi Muyinga, lakini anayemfuata mwenzake kwa mita 10 huyaona matawi yakiwa tayari chini ya bampa lake.

Sauti ya abiria

Dereva ndiye mwenye usukani, lakini hayuko peke yake garini. Nchini Kenya, watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika vibandiko ndani ya matatu vikiwahimiza abiria wapaze sauti dereva akiendesha vibaya. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2011, madai ya bima ya magari yenye vibandiko yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha upungufu wa kati ya robo na theluthi. Gharama yake ilikuwa karatasi yenye gundi.

Rwanda nayo ilianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro mwaka 2019, maana yake fika salama, ikiongozwa na polisi na kuwahusisha abiria, shule na nyumba za ibada. Abiria wengi wa ukanda huu wamejifunza kumkemea dereva anayekimbia au anayeongea na simu. Wachache humkemea anayebana, kwa sababu sindano ya mwendo haionyeshi kosa lolote. Abiria aliyeketi mbele anaweza kuhesabu kama dereva. Akifika kwenye alama kabla ya mia moja na tatu, anayo haki ya kusema: dereva, tuachie nafasi kidogo.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Umri huo ndio wa wanafunzi, makondakta, matingo na waendesha bodaboda.

Inawezekana kupimwa

Hoja kwamba nafasi haipimiki si ya kweli. Ujerumani huipima kwa kamera zilizowekwa juu ya madaraja ya barabara kuu, na malori yanayozidi tani 3.5 yakiwa kwenye barabara hizo kwa mwendo unaozidi kilomita 50 kwa saa hutakiwa kuacha angalau mita 50. Ufaransa imeandika sekunde 2 kwenye sheria zake, na mistari ya pembeni mwa barabara zake kuu hutumika kama kipimo: dereva aone angalau mistari miwili kati yake na gari la mbele.

Nchi za ukanda huu hazihitaji kuanza na kamera. Wakala wa barabara wanaweza kuchora alama kwenye lami katika sehemu ndefu zilizonyooka, kwa rangi ile ile wanayochorea vivuko vya waenda kwa miguu. Shule za udereva zinaweza kuifanya hesabu ya sekunde kuwa sehemu ya mtihani wa barabarani badala ya swali moja la darasani. Kampuni za malori ambazo tayari zina vifaa vya kufuatilia magari yao zinaweza kuangalia idadi ya breki kali, si saa ya kufika peke yake. Dereva anayefunga breki kwa nguvu kila baada ya kilomita chache ni dereva anayebana. Na wenye mzigo wanaomlipa dereva kwa safari wajue kwamba malipo hayo yanamfundisha kuiona nafasi kama hasara.

Jumuiya iliweza kukubaliana uzito mmoja wa tani 56 kwa nchi zenye sheria tofauti. Kukubaliana sekunde 3 kwa magari mazito hakuhitaji mizani hata moja.

Wengine wakiingia mbele

Pingamizi kubwa la madereva linafahamika, na lina ukweli wake. Ukiacha nafasi, mwingine anaingia. Ukirudi nyuma, anaingia wa pili. Dereva huona kwamba anayetii kanuni ndiye anayechelewa.

Lakini hesabu yake ni ndogo kuliko inavyoonekana. Kila gari likiingia mbele ya lori, dereva wa lori huondoa mguu kwenye mafuta hadi apate tena sekunde zake 3. Alichopoteza ni hizo sekunde 3 na kidogo zaidi, si dakika. Magari 20 yakiingia mbele yake kati ya Dodoma na Singida, amepoteza dakika 1. Yakiingia 100 tangu Dar es Salaam hadi Rusumo, ni dakika 5, katika safari inayochukua siku kadhaa na ambayo karatasi moja iliyokosewa mpakani hula nusu siku.

Kwa upande wa pili, lori lililoacha nafasi hufunga breki mara chache. Gari la mbele likipunguza mwendo, linapunguza nalo bila kusimama, na halianzi tena kuvuta tani 50 kutoka gia ya kwanza. Mafuta hubaki, breki hubaki, tairi hubaki. Mwenye lori akiweka dakika 5 upande mmoja wa daftari na gharama hizo upande wa pili, ataona ni upande upi unamlipa.